Mkanda wa Bega la Kulia

Kwa karibu miaka thelathini nilidhani namjua Mwalimu kuliko ninavyoijua cherehani yangu. Cherehani angalau ina vituko, leo inashona vizuri, kesho inakata uzi bila sababu. Mwalimu hakuwa na siku ya kukata uzi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anafunga mlango wake pale Makorora, Tanga, anausukuma mara mbili kuhakikisha, anashika njia na mkoba wake mweusi kwenye mkono wa kulia. Siku zote wa kulia. Ukimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," anakuitikia "Marahaba" huku anakutazama viatu. Kama alikufundisha, hata kama leo una watoto wanne na kitambi, utajikuta unavificha hivyo viatu.

Mimi alinifundisha. Nilikuwa katika kundi la mwanzo kabisa alilokabidhiwa, watoto wa darasa la kwanza, yeye ana miaka ishirini na mitatu na mimi saba. Na nilikuwa na shoto. Penseli, kijiko, mpira, chochote ukinipa kilikwenda chenyewe mkono wa kushoto, mie wala sijui.

Hakuwahi kunichapa. Nalisema mapema, maana watu wakisikia nina kinyongo na mwalimu wangu hudhani ni habari ya fimbo. Yeye alikuwa na utepe. Ulichanwa kwenye pindo la kanga ya zambarau, upana wa vidole viwili, na ulikaa ndani ya ule mkoba pamoja na chaki. Akinikuta nimeshika penseli kwa kushoto alisema neno moja tu: "Mkono!" Halafu anakuja, anachuchumaa, ananifunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati, taratibu, kwa fundo zuri kama la nywele za mtoto siku ya Idi. Kengele ikilia anafungua, anatoa kichupa cha mafuta ya nazi, ananisugua kifundo cha mkono mpaka kipate joto. Mafuta yale aliyaleta kutoka kwake kwa ajili yangu. Sasa wewe mchukie mtu kama huyo, utaanzia wapi?

Ilipofika Ramadhani naandika kwa kulia. Mama yangu alifurahi, akampelekea sinia la vitumbua, akamwambia, "Mwalimu, umeninyooshea mtoto." Mwalimu akasema, "Hakuna atakayemcheka tena." Nilikuwepo, nimeshika kanga ya mama. Niliyasikia maneno hayo, nikayapita kama watoto wanavyoyapita maneno ya wakubwa.

Huyo ndiye Mwalimu. Nani kamzaa na wa ukoo gani hayanihusu, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukusimulia. Alikuwa mtu wa kanuni. Kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupeana kitu kwa kulia, kufungua mlango kwa kulia. "Kushoto kuna kazi yake," alikuwa akisema, "na kazi yake inajulikana." Akishasema jambo hasemi tena. Ukimwuliza mara ya pili anakwambia, "La kwanza lilikuwa somo, la pili ni kelele." Chai yake haina sukari wala hakueleza kwa nini. Watoto waliokuja bila kula alikuwa akiwachotea uji kwenye chupa yake mwenyewe, nyuma ya darasa, ili wenzao wasione.

Lile neno lake likatoka shuleni likaenda mitaani. Mpaka leo Makorora nzima na nusu ya Ngamiani, mtu akikupa kitu kwa kushoto, unamwambia "Mkono!" na mnacheka. Wanaume kwenye kahawa wanatupiana. Bibi harusi mmoja alisahau akampokea mumewe maji kwa kushoto mbele ya watu, ukumbi mzima ukalipuka: "Mkono!" Mwalimu mwenyewe alikuwemo. Alitabasamu kidogo, akainamisha kichwa.

Yapo mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu na sikuyaelewa. Najilaumu, maana fundi kazi yake ni kutazama mikono ya watu na mabega yao.

La kwanza ni la kunguru. Mwalimu alikuwa ameanika dagaa uani, nami nimekwenda kumpelekea gauni lake. Kunguru akashuka. Mwalimu akavua ndala, akamtupia, ikampata kunguru kifuani pwaa! Kunguru akaanguka, akainuka, akaruka na matusi yake. Nikamwambia, "Loo, Mwalimu, una shabaha!" Alikuwa anautazama mkono wake kama mtu aliyekuta mtoto wa jirani kalala kitandani kwake. "Bahati tu," akasema, akaingia ndani, dagaa akawaachia kunguru wengine. Ndala ilikuwa imetoka mkono wa kushoto. Niliona, na akili yangu ikakataa.

La pili lilikuwa msibani. Mwalimu anamimina chai kwa kulia, kwenye birika kubwa la watu. Mtoto mchanga wa mtu akabingirika ukingoni mwa benchi. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukatoka huko ulikokuwa ukamdaka yule mtoto hewani, na wa kulia ukaendelea kumimina bila kumwaga tone. Wanawake wakasema mashaallah. Mwalimu akamrudisha mtoto kwa mamaye, kwa kulia.

Na mkwewe, mama wa marehemu mumewe, alipoanguka kitandani miaka miwili kabla ya kufa, ni Mwalimu aliyemlisha, akamwosha, akamgeuza. Watoto wa kuwazaa walikuja Ijumaa na machungwa. Sisi majirani tulisema yule mkwe alipata mtu. Hatukujua alivyompata.

Sasa nije kwangu kidogo, kwa sababu habari hii inanihusu kuliko ninavyopenda. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Ngamiani. Nakata kitambaa kwa mkono wa kulia, na wateja wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mkato wangu ukiwa mrefu huvuta pembeni, lazima nirudie. Nina binti wa miaka sita. Alipoanza kushika kijiko nikaona yaleyale, shoto tupu. Januari alikuwa aingie darasa la kwanza, shule ileile, kwa Mwalimu yuleyule. Nikafikiri kama mama anavyofikiri. Nikachukua kanga yangu ya zamani, nikachana utepe, na kila jioni akikaa kuandika namfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa meza. Fundo zuri. Mafuta ya nazi baadaye. Nilitaka akifika kwa Mwalimu awe amekwisha nyooka, asifungwe mbele ya wenzake kama nilivyofungwa mimi. Alilia wiki mbili, halafu akanyamaza. Niliona nimefaulu.

Mwaka jana, baada ya Idi Kubwa, sauti ikaanza kutoka nyumbani kwa Mwalimu. Kila siku baada ya Alasiri. Ilikuwa kama mtu anaparua sufuria kwa mwiko. Mume wangu akasema Mwalimu kanunua redio mbovu. Jirani wa upande wa pili akasema ni mafundi wa bati. Siku ya nne nikachemsha mihogo, nikatia kwenye sahani, nikaenda kujua.

Nilibisha hodi, akasema karibu, nikaingia. Mwalimu ameketi kitandani, kanga kiunoni, miwani puani, na mapajani ana gitaa.

Wallahi nilisimama na sahani yangu nikasahau kilichonileta. Ningemkuta anavuta sigara nisingeshtuka vile. Mwalimu! Na gitaa!

"Funga mdomo, mwanangu, inzi wataingia," akasema. "Weka mihogo hapo."

Ndipo akanieleza, kwa ufupi wake ule. Kwamba kabla ya ualimu alikuwa mpiga gitaa. Kulikuwa na kikundi cha taarabu cha wanawake hapa hapa Ngamiani, aliingia ana miaka kumi na minne, akacharaza mpaka alipofika ishirini na mitatu. Kisha akaacha. Mwimbaji wao alihamia Mwera, kwenye minazi yake, akaondoka na gitaa lile, akalihifadhi darini limeviringishwa mkekani. Sasa mwimbaji anamwoza mjukuu wake, harusi itakuwa hapa hapa Tanga, na ameapa mjukuu hatoki kwa muziki wa spika. Kawakusanya wenzake wote waliobaki hai. Gitaa kampelekea Mwalimu kwa mtu wa pikipiki, na ujumbe mmoja: hatafuti mpiga gitaa mwingine.

"Na ulimwambia nini?"

"Nimwambie nini? Kashalileta." Akavitazama vidole vyake. "Vidole vimesahau, ndiyo shida. Miaka ishirini na tisa si mchezo."

Ameshika gitaa kama wanavyolishika watu wote, mkono wa kulia kwenye nyuzi, wa kushoto shingoni mwa gitaa. Akalijaribu mbele yangu. Masikini! Mbuzi angesikika vizuri zaidi. Ncha za vidole zilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Nilimhurumia, nikamwambia inshallah vitakumbuka. Nikarudi nyumbani, nikamkuta binti yangu ameshamaliza ukurasa wake, nikamfungua.

Wiki iliyofuata Mwalimu akaja kibandani kwangu na gitaa ndani ya shuka. Anataka mkanda, maana harusini mwimbaji atataka wasimame. Nikampima. Nilikata jinzi nene, nikatia sponji ya kukaa juu ya bega la kushoto, pale mkanda unapobonyeza, nikashona mishono miwili miwili. Akaupenda. Akaondoka, na parua parua ikaendelea kila jioni, mtaa ukazoea.

Halafu Jumanne moja ikabadilika. Nilikuwa napiga pasi nyumbani. Kutoka kwa Mwalimu ukatoka muziki. Sisemi umetengemaa kidogo, nasema muziki, wa kutembea wenyewe, wa kukufanya bega likuchezee hujalituma. Nikadhani redio. Nikainua pasi, nikasikiliza, ukakatika katikati, ukarudiwa pale pale palipokatika. Redio hairudii. Nikasema, alhamdulillah, vidole vimekumbuka.

Siku mbili baadaye akaja tena kibandani, asubuhi ya Alhamisi, na mkanda.

"Hamisha hii sponji," akasema. "Ije upande huu."

"Upande huu wapi, Mwalimu? Nilikupima mwenyewe."

"Wewe ihamishe tu, mwanangu."

"Fundi hapimi kwa kubahatisha. Uvae na gitaa lenyewe nione panapobana."

Akatazama barabarani. Watu wanapita, baiskeli, mwenye mkaa. "Shusha pazia," akasema.

Nikashusha. Akafunua shuka, akalivaa gitaa. Mkanda ukapita juu ya bega la kulia. Shingo ya gitaa ikaelekea kulia kwake, mkono wa kulia ukaishika, na wa kushoto, ule wenye kazi inayojulikana, ukashuka juu ya nyuzi ukatulia pale kama umefika nyumbani. Nyuzi zenyewe hazikubadilishwa, ule mnene uko chini na mwembamba uko juu, gitaa zima limepinduliwa. Akagusa kidogo, sauti mbili tatu, nikaujua ule muziki wa Jumanne.

Mimi mambo ya gitaa siyajui. Mikono naijua.

"Mwalimu," nikasema, na sikukusudia, neno lilinitoka lenyewe kama kwikwi. "Mkono!"

Hakucheka. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Nikashika meza ya kukatia. Nakumbuka niliona vitu vidogo vidogo, pini sakafuni, kipande cha lesi, nywele mbili za mvi zimetoka kwenye ushungi wake. Kisha hasira ikaja, na ilikuja na vyote ndani yake, dawati, utepe, mafuta ya nazi.

"Nina binti," nikamwambia. "Ana shoto. Januari anakuja kwako. Jana nimemfunga mkono. Juzi nimemfunga. Leo jioni nitamfunga. Unajua kwa nini? Ili akija kwako asifungwe na wewe!"

Sasa akashtuka yeye. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukivunjika namna ile. Alipapasa nyuma yake kutafuta stuli, na gitaa bado kifuani.

"Umemfunga kwa nini?"

"Nishakwambia kwa nini."

"Nauliza kwa kitu gani."

"Kwa utepe wa kanga. Kama wako."

"Usimfunge leo," akasema.

"Wewe uliwahi kuniacha siku moja?"

Nje mtu akaita, "Fundi! Fundi upo?" Nikamwambia aje baadaye.

Ndipo akanihadithia kilichomfanya aache, akiwa ameinama, anausemesha ule mwili wa gitaa. Alikuwa ameolewa miezi mitatu. Kikundi kikaalikwa harusini, na mkwewe akawa miongoni mwa wageni. Mkwewe alikuwa hajawahi kumwona akipiga. Wimbo umekolea, wanawake wameinuka, mkwe akaja mbele, kila mtu akadhani anakuja kumtunza mke wa mwanawe. Akalishika gitaa shingoni, nyuzi zikanyamaza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mkono wa kuchambia ndio unaoshika shughuli za watu? Na pilau umelipakua kwa huo huo?" Watu wakacheka. Siyo wote, ila waliocheka walitosha. Wimbo haukuendelea. Mwalimu akalivua gitaa, akampa mwimbaji, akatoka kwa miguu mpaka nyumbani. Tangu siku ile hakuligusa. Akajifunza kula, kuandika, kusuka, kila kitu upya kwa kulia, mtu mzima, peke yake, mlango umefungwa.

"Kisha nikaajiriwa," akasema. "Nikaingia darasani, nikakuona wewe umekaa dawati la mbele, penseli kushoto. Nikasema huyu hawatamcheka."

Mwaka uleule. Kumbe mwaka uleule! Alitoka kuchekwa yeye akaja kunifunga mimi, na kidonda hakijakauka. Mimi ndiye wa kwanza wake. Nyuma yangu wamepita watoto wangapi sijui.

"Mbona hukutuambia?" nikamwuliza. "Mbona umekaa na jambo hili mpaka leo?"

"Ningesema nini? Kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo." Akanyanyuka. "Utanihamishia sponji?"

Nilimhamishia. Kazi ni kazi. Lakini sikumtazama usoni, na alipoondoka sikumsindikiza hata hatua moja, jambo ambalo kwetu ni ukosefu wa adabu mkubwa. Jioni ile binti yangu alinyoosha mkono mwenyewe, anasubiri utepe. Nikamwambia leo hapana. Akaniuliza amekosa nini.

Harusi ikafika. Ilikuwa Ngamiani, uani kwa watu, turubai limefungwa, baada ya Alasiri, wanawake watupu. Bibi harusi amekaa juu, mikono imejaa hina. Nusu ya wanawake pale walipita mikononi mwa Mwalimu, au watoto wao wamepita. Kila aliyeingia alimwamkia, na yeye akawatazama viatu. Nami nilikaa karibu na nguzo, nimekuja kwa sababu nilitaka kuona atafanya nini. Nasema kweli, nilitaka aaibike. Na nilitaka asiaibike.

Kikundi kikasimama, wamama watano wa makamo, mwimbaji mbele na kipaza sauti. Mwalimu akavaa gitaa. Mkanda ukapita bega la kushoto. Sponji niliyoihamisha ilikuwa inaning'inia mgongoni haina kazi.

Akaanza kwa kulia. Lo, parua parua ileile ya siku za mwanzo. Mwimbaji akaingia, akapotea, akarudi. Tanga wanawake hawakuzomei. Wanafanya kitu kibaya zaidi, wanakaa. Hakuna aliyeinuka. Simu zikatoka mikobani, mazungumzo yakaanza, sinia la visheti likapita. Nikamwona bibi harusi anatazama chini. Mwimbaji akageuka nyuma akamwangalia Mwalimu, na wimbo ukafa wenyewe.

Mwalimu akasimama pale. Akavua mkanda kichwani. Nikajua anaondoka, atatoka kwa miguu kama mwanzo, na gitaa litarudi darini. Akaligeuza. Akapitisha mkanda bega la kulia, akausawazisha mpaka sponji ikakaa mahali pake, akaweka mkono wa kushoto juu ya nyuzi.

Uani hata mwenye kutafuna akaacha. Waliofundishwa naye walielewa kwanza. Nikaona nyuso zinabadilika moja moja, kama ulivyobadilika wangu nyuma ya pazia. Ndipo sauti ya mwanamke mmoja ikatoka nyuma kabisa, sijui kwa mzaha au kwa mshtuko tu:

"Mkono, Mwalimu!"

Kicheko kikaruka. Mwalimu akasogelea kipaza sauti.

"Nimesikia," akasema. "Ndio huu."

Akapiga. Siwezi kuieleza sauti ile, mimi ni mtu wa vitambaa. Najua mwimbaji aliweka mkono kifuani kabla ya kuimba, na bibi harusi akainua kichwa, na mwanamke yule wa nyuma aliyeropoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Kisha wote. Vigelegele vikajaa turubai. Mimi sikupiga kigelegele. Nilishika nguzo, nikalia kwa hasira na kwa utamu wa ule muziki, sijui kipi kilitangulia.

Siku ile ile watu walirekodi, na kabla ya Magharibi Mwalimu alikuwa kwenye simu ya kila mtu. Wako waliosema mashaallah. Wako waliosema kazeeka vibaya. Barazani mzee mmoja akasema mwalimu wa namna hiyo asipewe watoto. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, Mwalimu alifunga mlango, akausukuma mara mbili, akaenda kazini. Mkoba ulikuwa mkono wa kushoto.

Alikuja nyumbani kwangu Ijumaa ya wiki ile. Binti yangu alikuwa mezani anaandika, kushoto, herufi zimekaa kama askari. Mimi nakata kitambaa cha pazia sakafuni. Mwalimu akasimama nyuma ya mtoto, akatazama kwa muda mrefu. Akamwambia, "Ukila, kula kwa kulia, hiyo ni sunna na haina mjadala. Kuandika hakukukatazwa na mtu. Ni mimi niliyechanganya." Mtoto akasema ndiyo Mwalimu, akaendelea.

Kisha akafungua mkoba, akatoa utepe wa zambarau. Ule ule. Umechujuka, kwenye mafundo umekuwa mweupe. Akauweka mbele yangu.

"Ukate," akasema.

Nikachukua mkasi. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikauchukua kwa kushoto. Nilitaka mkono uliofungwa ndio uukate. Nikabana. Mkasi haukukata. Kitambaa kilijikunja kikaingia katikati ya vyuma viwili. Nikabana tena, ukautafuna utepe tu, ukautema. Vidole vyangu havikujua pa kukaa, kidole gumba kilikuwa kama cha mtu mwingine. Nilijaribu mara ya tatu, na ya nne. Mkono wangu wa kushoto haukuwa na kumbukumbu ya kitu chochote.

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote. Mwalimu alikuwa na pa kurudi. Alipiga gitaa miaka tisa kabla hajachekwa, na vidole vilimngojea. Mimi nilifungwa na miaka saba. Hakuna kinachoningojea.

Aliliona hilo, nadhani kabla yangu. Akapiga magoti pale sakafuni, juu ya pazia la watu. "Niwie radhi, mwanangu," akasema. Mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikaweka mkasi. Nikaushika utepe kwa mikono yote miwili, nikauvuta kama tunavyochana kanga, ukachanika kwa mlio mmoja, ukawa vipande viwili. Hiyo niliweza. Lakini neno aliloliomba halikutoka.

"Si leo, Mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama anavyofanya mtoto akijibu sawa. "Haya. Nitapita kesho."

Na kesho yake alipita. Na kesho kutwa. Kila siku akitoka shuleni, gitaa begani, kwa sababu sasa ana watu watatu anaowafundisha kupiga. Anasimama mlangoni: "Niwie radhi, mwanangu." Namwambia si leo. Anasema haya, anaingia, anamtazama mtoto madaftari, anakunywa chai yangu isiyo na sukari, anaondoka. Binti yangu ameingia darasani kwake Januari, ameketi dawati la mbele.

Jana ilinyesha. Saa kumi ikapita, kumi na nusu, Mwalimu hayupo. Nikajikuta nimesimama mlangoni na pini mdomoni, natazama kona, nina hasira naye mpya kabisa, kwamba hajaja. Saa kumi na moja akatokea, amelowa chapachapa, gitaa kalifunika kwa mtandio wake mwenyewe. Akafika kizingitini, akavuta pumzi kusema lile neno lake la kila siku.

"Nimekuwia radhi, Mwalimu," nikasema. "Ingia, unalowa."

Alishtuka. Alisimama palepale, maji yanamtiririka usoni, haingii, mpaka binti yangu akatoka nje kwenye mvua, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Sikutazama ni mkono gani.